Kompyuta mpakato inavyoweza kuwa televisheni ya picha angavu nyumbani

KIJIJI cha Mlingotini, kilichopo wilayani Bagamoyo, mkoani Pwani, huishi kwa saa ya bahari. Maji yakipwa, akina mama hushuka kwenye mashamba ya mwani. Yakijaa, ngalawa hurejea na samaki. Jioni shughuli zikiisha, hasa siku ambayo Simba na Yanga zinakutana, wengi katika vijiji vya pwani hii huelekea kwenye kibanda umiza, ambako hulipa kiingilio, hubanana kwenye mabenchi na kutazama mechi kwenye kioo kimoja.

Wakati huohuo, katika nyumba nyingi kuna kompyuta mpakato iliyonunuliwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo au kazi za ofisini, ambayo usiku hulala bila kazi. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo mashine hiyo inaweza kuonyesha televisheni moja kwa moja, kwa picha angavu, bila familia kununua seti mpya.

Jibu ni ndiyo. Hata hivyo, wapo wanaopoteza fedha kwa kununua waya usiofaa, kifaa kisichosoma mawimbi ya Tanzania au bando linalokwisha kabla ya kipindi cha pili. Makala haya yanaeleza njia zilizopo, gharama iliyojificha ndani ya kila njia na mambo ya kuzingatia kwa mkazi wa pwani kuanzia Bunju na Mapinga hadi Mlingotini, Kaole na Bagamoyo mjini.

Safari ya televisheni hadi hapa

Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo binafsi, ikiwamo ITV, vilipoanza. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000 na baadaye ikawa TBC.

Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam ilizimwa na matangazo ya ardhini yakahamia kwenye dijitali. Televisheni za chogo zilizokuwa zikinasa picha kwa antena pekee zilibaki na chenga hadi mwenye nyumba aliponunua king'amuzi. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, Azam TV ilianza kurusha matangazo yake kwa satelaiti na ushindani wa ving'amuzi ukapamba moto.

Mageuzi hayo ndiyo yaliyofungua mlango kwa kompyuta. Matangazo ya dijitali ni namba, na kompyuta ni mashine ya kusoma namba. Kinachohitajika ni njia ya kuifikishia namba hizo pamoja na programu ya kuzigeuza kuwa picha na sauti.

Picha angavu ni nini

Picha ya televisheni hujengwa na vitone vidogo viitwavyo pikseli. Picha ya kawaida iliyotumika nchini kwa miaka mingi ina vitone 720 kwa upana na mistari 576 kwa kimo, yaani vitone 414,720. Picha angavu, maarufu kwa jina la HD, ina ngazi mbili. Ya kwanza ina vitone 1,280 kwa 720, na ya pili, inayoitwa HD kamili, ina vitone 1,920 kwa 1,080, ambavyo ni 2,073,600. Hiyo ni mara tano ya picha ya kawaida. Ndiyo maana mtazamaji huweza kusoma namba ya mchezaji mgongoni na kuuona mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kioo hakiongezi ung'avu ambao haukurushwa. Chaneli inayorushwa kwa picha ya kawaida itabaki ya kawaida hata ikioneshwa kwenye kioo kikubwa. Itatanuka tu na ukungu wake kuonekana zaidi. Kabla ya kununua chochote, mtumiaji anapaswa kuuliza iwapo chaneli anayoitaka hurushwa kwa HD katika njia anayokusudia kuitumia.

Kompyuta inayofaa

Si lazima kompyuta iwe mpya. Nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2011 zina sehemu maalumu ndani ya prosesa inayofungua picha za mfumo wa H.264, ambao hutumika sana katika matangazo ya HD. Mfumo mpya zaidi wa H.265, unaobana picha katika nafasi ndogo, huhitaji mashine ya karibu mwaka 2016 na kuendelea. Kompyuta isiyo na uwezo huo hulazimika kuifanya kazi yote kwa nguvu za prosesa. Matokeo yake ni feni kupiga kelele, mashine kuchemka na picha kukatikakatika.

Kumbukumbu ya gigabaiti 4 hutosha iwapo programu nyingine zimefungwa. Kuhusu kioo, kompyuta nyingi za bei nafuu zina vitone 1,366 kwa 768. Kioo hicho huonyesha HD ya ngazi ya kwanza bila tatizo, lakini hakiwezi kuonyesha vitone vyote vya HD kamili. Mwenye kioo cha aina hiyo hana sababu ya kulipia ubora wa juu zaidi, isipokuwa kama ataiunganisha kompyuta na televisheni kubwa.

Njia ya kwanza: intaneti

Njia rahisi kuliko zote ni intaneti. Baadhi ya vituo vya nchini hurusha vipindi vyao moja kwa moja kupitia YouTube, na kampuni za ving'amuzi zina huduma za mtandaoni kwa wateja wao, kama Azam TV Max, DStv Stream na StarTimes ON. Mtumiaji hufungua kivinjari, huingia kwenye akaunti yake na kuchagua chaneli.

Kasi ndiyo inayoamua. HD ya ngazi ya kwanza huhitaji takribani megabiti 3 kwa sekunde, na HD kamili huhitaji takribani megabiti 5 au zaidi. Kasi hiyo inatakiwa iwepo muda wote, wala haitoshi kuonekana kwa dakika moja ya kipimo. Vipimo vifanywe saa ileile ambayo familia hutazama, kwa kuwa mnara uleule unaokimbia saa nne asubuhi huelemewa saa mbili usiku, watu wote wanapokuwa nyumbani.

Nyumba iliyoezekwa kwa mabati huzuia sehemu ya mawimbi ya simu, tofauti na paa la makuti makavu. Kwa hiyo simu au modemu inayogawa intaneti iwekwe dirishani, upande unaoelekea mnara, na si chini ya kitanda au nyuma ya kabati. Modemu ya kuchomeka inaweza kusogezwa hadi dirishani kwa waya wa kurefushia wa USB. Kompyuta ikiwa karibu na ruta, ni vema kutumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi.

Hesabu ya bando

Hapa ndipo wengi huumia. Kwa kasi ya megabiti 3 kwa sekunde, saa moja ya kutazama hula gigabaiti 1.35. Kwa megabiti 5, saa hiyohiyo hula gigabaiti 2.25. Mechi ya mpira pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza huchukua karibu saa mbili. Hivyo mechi moja ya HD kamili hufikia gigabaiti 4.5. Familia inayotazama saa moja tu ya taarifa ya habari kila usiku kwa megabiti 3 itatumia gigabaiti 40.5 katika siku 30.

Mechi hiyohiyo ikitazamwa kwa picha ya kawaida ya megabiti 1 kwa sekunde, hula chini ya gigabaiti 1. Kutokana na hesabu hiyo, mwenye bando dogo anashauriwa kuuchagua ubora mwenyewe katika mipangilio ya video, badala ya kuuacha ujichague. Ubora ukiachwa ujipange wenyewe, huduma hupanda hadi juu kabisa kila kasi inaporuhusu, na bando huteketea bila mwenyewe kujua. Aidha, masasisho ya mfumo wa kompyuta yasimamishwe wakati wa kutazama, kwa sababu yanaweza kumeza gigabaiti kadhaa kimyakimya. Katika Windows, kuutaja mtandao wa simu kuwa ni wa kulipia kwa kipimo hupunguza tatizo hilo.

Intaneti ina dosari nyingine mbili. Kwanza ni kuchelewa. Picha ya mtandaoni huweza kuwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi, kiasi kwamba shangwe za goli husikika kutoka kibanda cha jirani wakati mpira bado uko katikati ya uwanja kwenye kompyuta. Pili ni kukatika. Mwezi Mei 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama hizo, mwenye antena au dishi huendelea kutazama.

Njia ya pili: antena na kinasa mawimbi

Njia hii haitumii bando. Kifaa kidogo cha kunasia mawimbi ya televisheni huchomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, kisha huunganishwa na antena ya nje. Programu kama VLC, ambayo hupatikana bure, inaweza kufungua chaneli zilizonaswa, ingawa programu inayokuja na kifaa chenyewe mara nyingi hurahisisha kazi ya kutafuta chaneli.

Tahadhari kubwa ni aina ya kifaa. Jumuiya ya SADC ilipitisha mfumo wa DVB-T2 mwaka 2010. Kifaa kilichoandikwa DVB-T pekee, bila namba 2, hakiwezi kusoma mawimbi ya DVB-T2. Vivyo hivyo vifaa vya mfumo wa ATSC vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani, au ISDB-T kwa soko la Japani, havifai hata vikiwa vipya ndani ya boksi. Mnunuzi asome maandishi ya boksi kabla ya kutoa fedha, na ikiwezekana kifaa kijaribiwe dukani.

Tahadhari ya pili ni kufuli. Kinasa mawimbi hufungua tu chaneli zinazorushwa wazi. Chaneli zilizofungwa kwa ajili ya wateja wanaolipia haziwezi kuonekana bila king'amuzi cha kampuni husika, na hakuna programu halali ya kompyuta inayoziondolea kufuli.

Kwa mkazi wa Mlingotini, jiji la Dar es Salaam liko upande wa kusini-mashariki. Kwa anayenasa mitambo ya huko, antena ya ndani haitoshi. Inahitajika antena ya nje ya UHF, iliyoinuliwa juu ya paa na, inapowezekana, juu ya vilele vya minazi iliyo karibu. Njia nyepesi ya kupata mwelekeo ni kuangalia antena za majirani wanaopata picha nzuri: zimeelekezwa wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Kisha antena izungushwe taratibu huku mtu mwingine akitazama kipimo cha mawimbi kwenye kompyuta. Mawimbi yanapopita juu ya maji, kujaa na kupwa kwa bahari kunaweza kuyabadilisha. Hivyo ni busara kupima mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa.

Waya uwe wa koaksi wa omu 75, mfupi kadiri inavyowezekana. Kila kigawanyio kinachoongezwa ili kupeleka mawimbi chumba cha pili hupunguza nguvu yake kwa nusu au zaidi.

Njia ya tatu: dishi na king'amuzi

Wengi tayari wana dishi na king'amuzi, lakini televisheni imeharibika. Hununua waya wa HDMI, hukiunganisha king'amuzi na kompyuta, kisha hushangaa kuona kioo cheusi. Sababu ni moja: tundu la HDMI la kompyuta mpakato, karibu katika mashine zote, ni la kutolea picha na si la kuingizia. Kuunganisha matundu mawili ya kutolea ni sawa na kuunganisha mabomba mawili yanayotoa maji, hakuna kinachopokea.

Ili kompyuta ipokee picha kutoka nje, huhitajika kifaa cha kunasia picha kinachochomekwa kwenye USB. Hata hivyo, ving'amuzi vingi huwekewa ulinzi wa hakimiliki uitwao HDCP kwenye tundu la HDMI, na kifaa hicho kinaweza kuonyesha weusi mtupu. Kinachobaki ni matundu ya zamani ya rangi ya njano, nyekundu na nyeupe, ambayo hutoa picha ya kawaida pekee. Kwa mteja wa king'amuzi anayetaka HD, suluhisho lenye uhakika zaidi ni kutumia huduma ya mtandaoni ya kampuni yake, au kununua kioo chenye tundu la kupokea HDMI.

Kuhusu dishi lenyewe, mwelekeo hutegemea satelaiti. Kwa mtu aliyepo Mlingotini, satelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, ambayo Azam TV iliitumia tangu kuanzishwa kwake, huonekana upande wa magharibi, kaskazini kidogo, kwenye kimo cha takribani nyuzi 52 kutoka upeo wa macho. Satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, inayotumiwa na DStv katika ukanda huu, iko karibu utosini, kwenye kimo cha takribani nyuzi 82. Mnazi uliosimama magharibi mwa nyumba unaweza kuliziba dishi la kwanza bila kuligusa la pili. Mvua kubwa ya masika nayo hupunguza mawimbi ya Ku na picha hupotea kwa muda; dishi pana kidogo husaidia.

Kuunganisha na kioo kikubwa

Tundu la HDMI la kompyuta lina manufaa kwa mwenye televisheni bapa. Waya mmoja hubeba picha na sauti. Baada ya kuunganisha, mtumiaji huchagua HDMI kwenye rimoti ya televisheni, kisha kwenye Windows hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P na kuchagua kioo kipi kionyeshe picha. Sauti ikigoma kutoka kwenye televisheni, mipangilio ya sauti ibadilishwe ili itoke kupitia HDMI. Mwisho, kompyuta izuiwe kulala yenyewe baada ya dakika chache.

Kwa familia inayotazama kwenye kompyuta yenyewe, kioo cha inchi 15 huwatosha watu watatu au wanne walioketi karibu. Spika ndogo ya kuchomeka husaidia, kwa kuwa sauti ya kompyuta humezwa upesi na upepo wa kusi unaovuma nje.

Umeme, chumvi na radi

Faida moja ya kompyuta mpakato ambayo televisheni nyingi hazina ni betri. Umeme ukikatika dakika ya 80, mwenye betri nzima na bando la simu huendelea kutazama. Matumizi yake pia ni madogo: mashine inayotumia wati 45 kwa saa mbili hula uniti 0.09 za LUKU.

Adui mkubwa wa vifaa hivi pwani ni chumvi. Hewa ya bahari huila skrubu, hushika kutu kwenye ncha za waya na hatimaye mawimbi hupungua mwezi hadi mwezi bila sababu kuonekana. Maungio ya nje yapakwe grisi na kuzungushiwa utepe wa mpira usiopitisha maji, kisha yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kompyuta isiwekwe juu ya godoro au mto wakati wa kutazama, kwani matundu ya hewa huziba, na isiachwe kwenye dirisha lililo wazi kuelekea baharini.

Wakati wa radi, waya wa antena au dishi uchomolewe kwenye kompyuta mapema, kabla ngurumo hazijakaribia. Nguzo ya antena iwe na waya wa ardhini. Hili linahusu uhai wa watu waliomo ndani kabla ya usalama wa mashine. Aidha, mtu asipandishe nguzo ya chuma karibu na nyaya za umeme za TANESCO.

Matapeli na sheria

Kila mechi kubwa inapokaribia, tovuti huibuka zikiahidi kuonyesha bure chaneli za kulipia. Nyingi humtaka mtazamaji apakue kichezeshi maalumu au aandike namba ya kadi ya benki. Kichezeshi hicho huweza kuwa programu ya kuiba nywila, ikiwamo ile ya barua pepe ya mwanafunzi au akaunti ya benki ya familia. Kanuni nyepesi ni kwamba kivinjari cha kisasa hakihitaji nyongeza yoyote ili kuonyesha video; tovuti inayoidai ifungwe mara moja. Namba ya siri ya huduma za fedha kwa simu isitolewe kwa yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni wakala wa king'amuzi.

Kazi za utangazaji hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Malipo ya nyumbani ni kwa matumizi ya nyumbani. Kumkaribisha jirani sebuleni ni ujirani mwema. Kumtoza kiingilio ni biashara, na biashara ina vibali vyake.

Ipi ichaguliwe

Kwa muhtasari, mwenye bando kubwa na mnara wa karibu atumie intaneti. Asiye na bando, lakini anayetaka habari na chaneli zinazorushwa wazi, ajaribu antena na kinasa mawimbi cha DVB-T2. Mwenye king'amuzi tayari asikimbilie kununua waya wa HDMI wa kuunganisha na kompyuta. Aulize kwanza huduma ya mtandaoni iliyomo ndani ya kifurushi chake.

Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa fainali za AFCON 2027, na kadiri siku zinavyosogea, mafundi na wauza vifaa watabisha hodi kwa wingi. Mwenye nyumba ambaye amepima kasi ya mtandao wake saa mbili usiku, amesoma maandishi ya boksi na kupiga hesabu ya bando lake hatalipia kifaa kisichowaka. Kama wasemavyo wahenga, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na kwa mnunuzi wa vifaa vya elektroniki, heri kuuliza dukani kuliko kujuta sebuleni.